Jinja, Mji wa Mto na Viwanda

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama hapa Litein, nayo yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.



Halmashauri ya tawi imetuagiza tuseme leo habari za mji mmoja wa viwanda ulio ukingoni mwa mto. Labda wengine wenu mwauliza: sisi watu wa chai tuna shauri gani na mji wa watu wengine? Twajibu hivi. Mvua inayopiga mabati ya nyumba zetu hapa Litein huteremka katika mito ya Chemosit, Itare na Kipsonoi. Maji ya mito hiyo hukusanyika katika mto Sondu, na Sondu huyapeleka katika Ziwa Victoria. Ziwa hilo huingiwa na mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja katika nchi ya Uganda. Basi maji yaliyokwisha kunywesha majani yetu ya chai huenda Jinja kuzungusha mitambo. Mji huo si wa mbali nasi.

Tena kuna sababu ya pili. Jinja ulipanda haraka, ukaanguka haraka, kisha ukainuka polepole, na yote hayo yalitokea katika umri wa mtu mmoja. Mfanya kazi akiijua habari hiyo atajua maswali ya kuuliza mahali pake mwenyewe.

MJI ULIVYOANZA

Watu husema jina la Jinja latokana na neno la mawe katika lugha za huko, maana palikuwa na mawe mapana karibu na mahali pa kuvukia mto. Wasoga na Waganda walipajua mahali hapo tangu zamani. Mzungu aitwaye John Hanning Speke alifika tarehe 28 Julai 1862, akayaona maji yakitoka ziwani kwa kishindo, akayapa maporomoko hayo jina la Ripon, jina la bwana mmoja mkubwa wa Uingereza. Kwa hiyo wenyeji walikuwa na mto, na mgeni akawa na jina. Jambo hili tulikumbuke, maana litarudi tena na tena katika habari hizi.

Mwanzo wa karne ya 20 ulikuwa mwanzo wa msiba. Ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, na sehemu za Busoga zilizo kando ya ziwa zilipigwa vibaya sana, hata Serikali ikawahamisha watu kutoka pwani ya ziwa. Mji wa Jinja ulikua kando ya nchi iliyokuwa imepungukiwa na watu. Hiyo ni sababu moja iliyofanya mikono mingi ya kazi itoke mbali baadaye.

Biashara ya kwanza kubwa ilikuwa pamba, ambayo Waingereza walianza kuihimiza katika Uganda mnamo mwaka wa 1903 na 1904. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, na kutoka Kisumu meli zilivuka ziwa hadi Jinja. Mwaka wa 1912 ikafunguliwa reli fupi ya kutoka Jinja mpaka Namasagali, ili pamba ya nchi za Ziwa Kyoga ipate njia. Kisha reli kubwa iliyopitia Eldoret na Tororo ikafika, na mwaka wa 1931 daraja la Mto Nili likaiunganisha Jinja na Kampala. Mwaka wa 1928 kiwanda cha sigara kilikuwa kimekwisha anza hapo. Nako Kakira, kiasi cha maili 10 kutoka mjini, Muljibhai Madhvani, aliyekuja kutoka India akiwa kijana, alifungua kiwanda cha sukari mwaka wa 1930.

Mpaka hapo, Jinja ulikuwa mji wa kupitisha mizigo, na mto ulikuwa ukipita bure.

BWAWA NA VIWANDA

Winston Churchill alipita huko mwaka wa 1907, akaandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1908 kwamba nguvu za maji yale zapotea bure, na kwamba zingeweza kuendesha viwanda. Ilipita miaka 40 kabla ya jambo hilo kufanyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi aitwaye Charles Westlake aliandika ripoti, na mwaka wa 1948 ikaundwa halmashauri ya stima ya Uganda. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls ulianza mwaka wa 1949. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili 1954.

Bwawa lina urefu wa mita 831 na kimo cha mita 31. Mitambo yake kumi, kila mmoja wa megawati 15, iliwekwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Maji yaliyorudi nyuma yaliyafunika maporomoko ya Ripon, na kishindo alichosikia Speke hakisikiki tena. Serikali ya Misri nayo ilikuwa na neno katika shauri hilo, maana maji ya Nili ndiyo uhai wake. Ilipatana na Uingereza mwaka wa 1949, ikachangia gharama ili bwawa liinuliwe zaidi, ikaweka mhandisi wake hapo hapo Jinja ayaangalie maji. Ndugu, fikirini. London ilisema na Cairo ilisema. Aliyevua samaki katika maporomoko yale hakuitwa mkutanoni.

Tumaini la wenye shauri lilikuwa kwamba stima ya bei nafuu itavuta viwanda kama asali ivutavyo nyuki. Vingine vilikuja kweli. Serikali iliunda shirika la maendeleo la Uganda mwaka wa 1952 ili litie fedha katika viwanda. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, kilichojulikana kwa jina la Nytil, kilianza kufuma pamba ya Uganda katikati ya miaka ya 1950. Reli ilipofika Kasese mwaka wa 1956, shaba ya migodi ya Kilembe, iliyo chini ya milima ya Ruwenzori, ikaletwa Jinja kuyeyushwa, kisha ikapelekwa Mombasa kupakiwa melini. Kikaja kiwanda cha bia ng'ambo ya mto, na viwanda vya chuma, vya unga na vya karatasi. Watu wakauita Jinja mji wa viwanda wa Uganda, na haikuwa majivuno.

Hata hivyo viwanda vilivyokuja vilikuwa vichache kuliko vilivyotazamiwa, na stima ikabaki bila mnunuzi. Basi ikatafutiwa mnunuzi upande wetu. Tangu mwaka wa 1958 nyaya zilipita Tororo hadi Nairobi, na taa za Nairobi zikawaka kwa nguvu za Jinja. Kwa nini viwanda havikujaa? Kwa sababu stima ni kitu kimoja tu katika gharama za kiwanda. Kiwanda chataka pia mali ghafi, njia, watu wenye fedha za kununua, na mafundi wanaojua kazi. Nguo za Jinja zilipata nafasi kwa kuwa pamba ilikuwa karibu na nguo za ng'ambo zililipa nauli ndefu kutoka pwani. Shaba ilikuja kwa kuwa kuyeyusha kwataka stima nyingi. Palipokosekana sababu kama hizo, stima peke yake haikuvuta mtu.

Miji ya namna hii iko duniani kote. Urusi wana Nizhny Novgorod, mahali mto Oka unapoingia Volga. Ulikuwa mji wa masoko makubwa ya wafanya biashara wa mtoni, na mwaka wa 1932 kiwanda kikubwa cha magari kikaanza kazi hapo. Mwaka huo huo mji ukabadilishwa jina kuwa Gorky, hata mwaka wa 1990 ukarudishiwa jina lake la zamani. Huko pia mto ulileta mji, na Serikali iliyo mbali ikaamua mji ufanye nini na uitwe nani.

MIKONO ILIYOFANYA KAZI

Sasa tuseme juu ya wafanya kazi, maana hakuna bwawa lililojijenga.

Wasoga wengi walikuwa na mashamba yao karibu. Mtu aliweza kukaa kwake, akaja kazini kwa baisikeli, na mkewe akalima. Wengine walitoka mbali, na wengi wao walikuwa Wajaluo wa Kenya. Hao walikaa katika nyumba za kupanga, hasa mtaa wa Walukuba uliojengwa kwa ajili ya Waafrika. Mahali pa mtu na mshahara wake vilifuata rangi. Wazungu walikuwa juu, Wahindi katikati, na Waafrika chini. Kazi za ufundi na za madaftari zilikuwa za wengine, na jembe, koleo na mzigo vilikuwa vyetu. Mgomo wa Januari 1945, ulioanza Kampala na kuenea miji mingine, ulionyesha kwamba Waafrika wa Uganda hawakuridhika. Katika miaka ya 1950 vyama vya wafanya kazi vikapata nguvu, na Wakenya wengi walikuwa ndani yake, kwa kuwa mtu asiye na shamba karibu hutegemea mshahara, na ategemeaye mshahara hujifunza upesi faida ya chama.

Uganda ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Watu walitazamia kwamba ngazi za kazi zitafunguka. Zilifunguka kidogo, na polepole, na uchungu ukabaki mioyoni.

Mwaka wa 1970 Serikali ya Milton Obote iliamua kwamba kazi za chini ziwe za raia. Wafanya kazi wa Kenya wapatao 30,000 wakaondolewa katika Uganda, na wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi alirudi kwao na sanduku moja. Kazi zilizoachwa zilionekana kuwa faida kwa waliobaki. Lakini faida hiyo iliishi miaka miwili.

MJI ULIVYOANGUKA

Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin, aliyeshika utawala kwa nguvu za jeshi mwaka wa 1971, aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Maduka, viwanda na nyumba zao zikagawiwa watu, na wengi waliopewa walikuwa askari na marafiki wa wakubwa. Jinja ilikuwa mji wa Wahindi wengi sana. Mitaa mizima ilifungwa milango kwa majuma machache.

Tusidanganyane, ndugu. Uchungu wa Waafrika juu ya mishahara midogo na vyeo vilivyofungwa ulikuwa wa haki. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa sumu. Wafanya kazi wa Jinja hawakupewa viwanda. Walipewa wakubwa wapya wasiojua kuagiza vipuri, wasiokuwa na mnunuzi ng'ambo, na wasioweza kulalamikiwa, maana nyuma yao palikuwa na bunduki. Mashine ikivunjika ilisimama. Bei za vitu zikapanda hata mshahara wa mwezi haukutosha chakula cha juma moja, na watu wakaishi kwa magendo au wakarudi shambani.

Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1967, ikavunjika. Reli ikagawanyika, na Jinja ikapoteza soko la jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shaba ya Kilembe ilikuwa imekoma, na tanuru la Jinja likapoa. Sukari ya Uganda nayo ilikuwa imekaribia kwisha kabisa.

Nasi watu wa chai tusikie hesabu yetu wenyewe. Mwaka wa 1972 Uganda ilitoa chai tani 23,000 hivi. Mwaka wa 1980 ilitoa chini ya tani 2,000. Mvua haikukoma, wala udongo haukubadilika. Michai iliachwa ikarefuka ikawa msitu. Kilichokosekana ni mpango, fedha, lori la kubeba majani, na mchumaji anayelipwa.

MJI ULIVYOINUKA

Jamaa ya Madhvani walirudi mwaka wa 1985, na kiwanda cha Kakira kikafufuliwa. Leo makapi ya miwa huchomwa hapo kutoa stima, na ziada huuzwa. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Uganda iliuza mashirika yake mengi, na kiwanda cha nguo cha Nytil kikapata wenyewe wapya na jina jipya. Viwanda vya kukata mbuta wa ziwani na kuwapeleka Ulaya vikafunguliwa. Bwawa la zamani sasa laitwa Nalubaale, na karibu nalo lilijengwa la Kiira, lililoanza kazi mwaka wa 2000. Kampuni kutoka Afrika Kusini ilikodishwa yote mawili mwaka wa 2003, na mwaka wa 2023 yakarudi mikononi mwa Serikali. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilimalizika mwaka wa 2012. Daraja jipya la urefu wa mita 525 lilifunguliwa Oktoba 2018, na mwezi wa Julai 2020 Jinja ukapewa cheo cha jiji.

Ila mji ule wa moshi haukurudi kama ulivyokuwa. Vijana wengi hupata riziki yao kwa pikipiki za bodaboda, kwa vibanda, na kwa watalii wanaokuja kupanda mashua katika maji yaendayo kasi.

Tena mto wenyewe umetoa onyo. Mwaka wa 2005 na 2006 ziwa lilishuka sana. Mvua zilikuwa chache, na maji yaliyoachiliwa Jinja yalizidi kipimo kilichokubaliwa zamani. Mitambo ilikuwepo, lakini maji hayakutosha, na Uganda ikakaa gizani kwa zamu. Mwezi wa Mei 2020 ziwa likapanda hata likavunja rekodi ya mwaka wa 1964, na watu wa pwani wakahama. Anayekata msitu wa Mau huku juu na anayefungua milango ya bwawa kule chini wanashika kamba moja.

YATUHUSUYO SISI

Ndugu, hatukuja hapa kuwahurumia watu wa Jinja. Tumekuja kujitazama.

Sisi nasi twaishi kwa zao moja. Katika mwaka wa 2022 na miaka iliyofuata, mashamba makubwa ya Kericho na Bomet yameuzwa na kununuliwa, na mchumaji mara nyingi alipata habari baada ya magazeti. Mashine za kuchuma zimeingia, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwenye ekari mbili anayepeleka majani kiwandani naye hungoja bonasi inayotegemea mnada wa Mombasa na bei ya fedha za kigeni. Maamuzi ya kazi zetu yafanywa mbali, kama yalivyofanywa ya bwawa la mwaka wa 1949.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akipoteza kazi na asimwone aliyeamua, humtazama jirani yake. Ni rahisi kusema kwamba aliyetoka wilaya nyingine ndiye aliyekula nafasi yako. Wakenya wa Jinja walisemwa hivyo mwaka wa 1970. Nasi hapa tusifiche uso. Mapema mwaka wa 2008 wenzetu tuliochuma nao mstari mmoja walikimbia mashamba haya na magodoro vichwani. Wengine wetu walitazama tu, na wengine walifanya mabaya zaidi ya kutazama. Je, tangu siku ile mshahara ulipanda kwa sababu wao walikwenda? Mashine ziliogopa kuja? Kila mtu anajua jibu lake. Nyumba zao zilipobaki wazi, mkutano wetu ndio uliopungua watu.

Basi twaleta mambo matatu, tawi liyazungumze mkutano ujao.

La kwanza, kila mara shamba au kiwanda kinapotaka kuuzwa, chama kidai kuambiwa mapema ni nani anunuaye, na mapatano ya mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni yaandikwe katika mauzo. Watu wa Jinja walibadilishiwa mabwana mara nyingi, na mara nyingi waligundua langoni.

La pili, vijana wetu wafundishwe ufundi: umeme, mashine, hesabu za kiwanda, hata na kuendesha hizo mashine za kuchuma. Mwenye kikapu tu huondolewa kwa siku moja. Fundi huombwa abaki. Na akina mama wasisahauliwe katika mafunzo hayo, maana wao ni wengi katika mistari ya kuchuma.

La tatu, daftari la chama lisiulize mtu katoka wapi. Liulize kazi yake na ada yake. Wale waliofukuzwa mwaka wa 2008, walio hai na wanaojulikana walipo, waandikiwe barua na tawi hili. Tujue kama walilipwa haki zao walizoacha, na kama hawakulipwa, madai yao yawe madai yetu. Twajua jambo hili ni zito kulisema hapa Litein. Ndiyo maana tumelisema hapa Litein, na si mahali pengine.

Mvua ikinyesha jioni hii, maji yake yataanza safari ya kwenda Sondu, ziwani, na Jinja. Yakipita hapa hayaulizi shamba ni la kabila gani. Sisi tuna akili kuliko maji, basi tusishindwe nayo.

Bwana Mwenyekiti, maneno yetu yameishia hapo. Mwenye swali na asimame.